Meno na fizi za mbwa na paka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu ambao mnyama wao tayari anakula kwa shida. Laiti yangeulizwa mapema, mengi yasingehitaji daktari. Ukisoma majibu utaona yanarudi mara nyingi kwenye sehemu moja, nayo ni ule mstari ambapo jino linaingia kwenye ufizi. Weupe wa jino wenyewe haunishughulishi sana.

Mdomo wa mbwa wangu unanuka. Si ndivyo mbwa wote walivyo?

Hapana. Mbwa mwenye kinywa kizima hunuka kidogo alichokula, na baada ya muda harufu hiyo hupotea. Uvundo unaokaa wiki baada ya wiki, hata akila ugali mtupu, unatoka kwa bakteria waliojificha chini ya ufizi. Tumeuzoea kwa sababu mbwa wengi tunaowajua wana meno mabovu, basi tukadhani ndiyo hali ya mbwa.

Mara chache harufu hutoka mbali zaidi. Ikielekea kwenye mkojo, hasa kwa mnyama mzee anayekunywa maji mengi na kukonda, daktari atataka kupima figo. Ikiwa ya utamutamu wa ajabu, atapima sukari.

Huu ukoga wa njano unatoka wapi, na mbona unarudi upesi?

Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, utando laini wa bakteria huanza kulifunika. Utando huo hauonekani vizuri kwa macho, ila ukipitisha ukucha utahisi utelezi. Usipofutwa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ndani ya siku mbili tatu, ukawa ukoga mgumu. Hapo mswaki hautoi kitu tena. Mate ya mbwa yana ualkali kuliko yetu, na ndiyo sababu meno yao hayatoboki ovyo kama ya binadamu lakini yanashika ukoga haraka.

Ukoga wenyewe si adui mkuu. Ubaya wake ni kwamba una mikwaruzo ambayo bakteria hujishikiza, wakashuka chini ya ufizi. Ufizi unakuwa mwekundu ukingoni na kutoa damu ukiguswa. Katika hatua hii bado mambo yanarudi sawa: safisha, na ufizi unapona. Ikiachwa, nyuzi zinazoshika jino na mfupa wa taya huanza kuliwa, na mfupa uliokwisha hauoti tena. Jino linalegea, usaha unajikusanya, na mnyama anaumwa kila siku huku akitikisa mkia.

Mbwa na paka wengi huwa na dalili za ugonjwa huu kwa kiwango fulani wanapofikisha miaka 3. Mbwa wadogo, kama vile Maltese, Chihuahua na Pomeranian, huwahi na huumia zaidi, kwa kuwa meno yamebanana kwenye taya dogo lenye mfupa mwembamba.

Nianzeje kumpiga mswaki bila kung'atwa?

Anza bila mswaki. Siku za kwanza, mnyama akiwa ametulia, mwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba kwa sekunde mbili, mwachie, mpe kipande cha nyama. Basi. Akishazoea, zungushia kidole kitambaa safi cha pamba au shashi iliyoloweshwa mchuzi wa nyama usio na chumvi wala kitunguu, usugue meno mawili matatu ya pembeni. Wengi hulamba kwa furaha. Ukifika hapo ndipo ulete mswaki. Mswaki laini wa mtoto mchanga unatosha kwa paka na mbwa mdogo. Mbwa mkubwa atumie wa mtu mzima, ule laini kabisa.

Watu huhangaika kufungua kinywa. Hakuna haja. Mdomo ubaki umefungwa, wewe pandisha shavu tu na uingize mswaki pembeni, kisha usugue upande wa nje wa meno, kwa sababu huko ndiko utando unakojaa. Upande wa ndani ulimi unasaidia. Mswaki uulaze kidogo kuelekea ufizi, ili nywele zake zifike kwenye ule mstari niliousema. Toa kipaumbele kwa magego ya juu, yale makubwa ya nyuma, na chonge. Zoezi zima likizidi dakika mbili, umekawia.

Kila siku ndiyo kipimo. Mara tatu kwa wiki ni bora kuliko sifuri, lakini kwa mbwa ambaye fizi zake zimeshaanza kuvimba haitoshi. Chagua saa moja, tuseme kabla ya chakula cha jioni, na mtu mmoja ambaye mbwa anamwamini. Mbwa wa ulinzi asipigwe mswaki na mtoto wala na mgeni wa nyumba.

Jambo moja watu hulisahau: kama kinywa tayari kinauma, usianze na mswaki, anza na daktari. Ukisugua fizi zenye vidonda unamfundisha mnyama kwamba mswaki ni adhabu, na somo hilo halisahauliki.

Nitumie dawa ya meno tuliyo nayo nyumbani?

Usitumie. Sisi hutema, wao humeza, na floridi na povu lake havikutengenezwa kumezwa kila siku. Baadhi ya dawa za meno za binadamu, pamoja na bazoka zisizo na sukari, zina kitamu ambacho kwenye orodha ya viambato huandikwa xylitol. Kwa mbwa ni sumu: kiasi kidogo tu huangusha sukari ya damu kwa ghafla, akalegea na kupata degedege, na kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Mbwa akiiba bazoka ya namna hiyo, nenda kliniki mara moja hata kama anaonekana mzima, na uende na pakiti.

Dawa za meno za wanyama zipo kwenye maduka ya vyakula vya mbwa mijini, zenye ladha ya kuku au nyama. Ukikosa, tumia maji matupu. Kinachofanya kazi ni kusugua, hiyo dawa ni kivutio tu.

Na chumvi, magadi, majivu, mkaa, mafuta ya karafuu?

Chumvi na magadi humezwa, na mwili wa mnyama mdogo haustahimili sodiamu nyingi. Majivu na mkaa hukwangua jino likabaki na mikwaruzo inayoshika utando upesi kuliko mwanzo. Mafuta ya karafuu, ambayo watu wa Unguja na Pemba na pwani yote tunayaamini kwa jino linalouma, yana kemikali ambayo ini la paka haliwezi kuiondoa vizuri. Paka asipakwe kabisa. Kwa mbwa nako yanaunguza fizi, na mnyama hawezi kukueleza kwamba unamuunguza.

Mswaki wa mti ni mzuri kwa mdomo wako. Kwa mbwa nyuzi zake ni ngumu, na wengi huishia kuutafuna na kuumeza.

Mbwa si ameumbiwa mifupa? Mfupa haumsafishi meno?

Swali hili lina ubishi kuliko yote, na sitajifanya sina upande.

Ni kweli kutafuna kunakwangua ukoga. Ni kweli pia kwamba mfupa ndio huvunja gego kubwa la juu, lile la kukatia nyama. Kipande cha ubavu wa jino kinabanduka kama gamba, kiini kinabaki wazi, bakteria wanapanda hadi mzizini. Wiki au miezi baadaye mbwa anatokea na uvimbe chini ya jicho, na mwenye mbwa anadhani amepigwa jiwe. Ng'ombe wetu wana mifupa ya miguu migumu kiasi cha kuvunja jino la mbwa. Kwato na pembe ni vivyo hivyo.

Mfupa uliopikwa, uwe wa kuku, wa mbuzi au wa kwenye supu, huvunjika kwa ncha kali na kutoboa koo au utumbo. Mabaki ya nyama choma ya Jumapili huleta wagonjwa wengi Jumatatu. Mfupa mbichi hauna ncha mbaya hivyo, ila huleta vimelea na bado unavunja meno. Mimi simpi mbwa mfupa. Ukiamua kumpa, basi umpe gegedu au mfupa laini wa kifua, mbichi, ukae naye, na umnyang'anye kabla hajafika kwenye kumeza kipande kizima.

Kipimo rahisi cha chochote anachotafuna: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ikiwa ukucha hauachi alama, ni kigumu mno. Mpira imara wa mbwa unafaulu. Jiwe, tofali na ubao mgumu vinafeli. Gunzi la mahindi linafaulu kwa ugumu, lakini ni miongoni mwa vitu vibaya kabisa vya kumwachia mbwa, kwa sababu halimeng'enyeki na huziba utumbo. Hapo ni upasuaji.

Tukiwa hapohapo: mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kung'ata wavu husaga upande wa nyuma wa chonge zake, hadi siku moja zinakatika. Hilo halitibiwi kwa mswaki. Anahitaji kutolewa nje, kutembezwa, kupewa shughuli.

Anakula ugali na dagaa. Nimbadilishie chakula kikavu cha dukani kwa ajili ya meno?

Si lazima. Punje za kawaida za dukani huvunjika jino likigusa tu, kwa hiyo hazisugui kitu cha maana. Zipo punje maalumu za meno, kubwa na zenye nyuzi, ambazo jino huzama kabla hazijavunjika. Hizo husaidia, na bei yake inajulikana. Kwenye vifungashio vinavyoagizwa nje unaweza kuona alama ya VOHC, baraza la Marekani linalopitia ushahidi wa majaribio kabla ya kuruhusu bidhaa idai kuwa inapunguza utando au ukoga. Bidhaa isiyo na alama hiyo si lazima iwe mbaya, lakini anayekuuzia hana cha kuonyesha zaidi ya picha ya mbwa anayecheka.

Ugali na dagaa una mjadala wake wa lishe, ambao si wa ukurasa huu. Kwa meno, anayekula ugali apigwe mswaki, na anayekula punje apigwe mswaki.

Paka wangu ananusa chakula, anakimbia. Ameringa?

Paka akilifuata bakuli, akalamba mara moja, kisha akatimka kana kwamba chakula kimemuuma, huenda kweli kimemuuma. Paka hufichaficha maumivu. Utaona anadondosha vipande, anatafuna upande mmoja, ameacha kujilamba hadi manyoya yakashikana, au anapiga kelele akipiga miayo.

Magonjwa mawili ya paka yafahamike. Moja ni jino kuliwa na mwili wenyewe: tundu dogo la waridi linatokea pale ufizi unapoanzia, na chini yake mzizi unayeyuka. Mswaki haulizuii wala haulitibu. Jino hilo hung'olewa. La pili ni kinywa kizima kuwaka moto, fizi na nyuma kabisa karibu na koo vikawa vyekundu kama nyama mbichi. Mara nyingi kuna virusi nyuma yake, na paka wanaopigana usiku huambukizana kwa kuumana virusi vinavyodhoofisha kinga yao. Matibabu yake humshtua kila anayeyasikia mara ya kwanza: kung'oa meno ya nyuma yote, pengine yote kabisa. Paka wengi baada ya hapo hula na kunenepa, wakati walikuwa wamebaki mifupa.

Paka aliyeacha kula kwa siku mbili usimsubirie ya tatu. Ini la paka halivumilii njaa, hasa akiwa mnene.

Mbwa ana chonge mbili mbili upande mmoja. Ni kawaida?

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na mkubwa ana 42. Paka huanza na 26, akaishia na 30. Kufikia miezi 6 hadi 7 meno ya utotoni yanapaswa kuwa yamekwisha kuondoka. Chonge la zamani likibaki kando ya jipya, chakula kinakwama katikati na jipya linapinda. Ling'olewe na daktari, si kwa koleo nyumbani, kwa maana mzizi wake ni mrefu na mwembamba na hukatikia ndani.

Meno yana madoa ya kahawia yasiyotoka hata nikisugua.

Si kila doa ni ukoga. Maji ya Arusha, Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na mnyama aliyekulia huko huweza kuwa na madoa kama ya wenyeji wenyewe. Mbwa aliyeugua distempa, ugonjwa mkali wa virusi, akiwa mdogo hubaki na meno yenye mabonde na rangi ya kahawia, na dawa za jamii ya tetrasaiklini alizopewa utotoni huyapaka manjano. Madoa hayo ni ya kudumu. Meno yenye mabonde hushika utando zaidi, basi yanataka mswaki zaidi. Usikwangue.

Mate yanamchuruzika, taya limelegea, nadhani mfupa umemkwama. Niingize mkono?

USIINGIZE MKONO.

Mfupa huweza kweli kukwama kwenye kaakaa, na mbwa hujikwaruza uso akiutafuta. Lakini taya kulegea, udenda kuchuruzika, kushindwa kumeza, sauti kubadilika na tabia kugeuka ndizo pia dalili za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado uko kwenye vijiji na miji yetu. Watu wamewahi kuambukizwa wakitafuta mfupa ambao haukuwepo. Mfungie mahali pamoja bila kumgusa, piga simu kwa daktari au ofisa mifugo, umweleze kama ana chanjo na ya lini.

Kama mate yake yameshakugusa kwenye jeraha, mchubuko, jicho au mdomo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo. Usisubiri kuona mbwa atafanya nini. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Na kama mbwa wako hajachanjwa, chanjo ya kichaa itangulie kabla hujaanza habari za mswaki. Hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha hurudiwa kama kadi inavyoelekeza.

Daktari anataka kumlaza kwa dawa ya usingizi ili amsafishe. Haiwezekani akiwa macho?

Ikiwezekana, ni usafi wa kupendeza kwa kutazama tu. Ukoga unaoonekana unabanduliwa, meno yanang'aa, wewe unalipa kwa furaha, na ugonjwa ulio chini ya ufizi unabaki pale pale. Hakuna mnyama atakayetulia akiwa macho huku chuma kinapita chini ya fizi zenye kidonda. Chuo cha wataalamu wa meno ya wanyama cha Marekani kimekuwa kikipinga wazi kukwangua meno bila usingizi, nami sioni sababu ya kubishana nacho.

Hofu ya nusukaputi inaeleweka, basi uliza maswali: Atapimwa damu kabla? Atawekewa mpira kooni ili maji na uchafu visiingie kwenye mapafu? Nani atakaa naye akiangalia pumzi na mapigo muda wote? Meno yatang'arishwa baada ya kukwanguliwa, ili yasibaki na mikwaruzo? Mtapiga picha ya meno? Mashine ya picha ndogo za kinywa si ya kila kliniki kwetu, kwa hiyo jibu la hapana si lazima liwe kosa la daktari. Hospitali za kufundishia, kama za Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na Kabete kule Nairobi, ni mahali pa kuuliza kwa kesi ngumu. Hakikisha pia anayemlaza ni daktari aliyesajiliwa na baraza au bodi ya veterinari ya nchi yako. Muuza dawa wa duka la pembejeo anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini hii si kazi yake.

Bei uiulize kwa mchanganuo, na uulize itakuwaje wakikuta jino la kung'oa. Mara nyingi hukuta.

Aking'olewa meno mengi atakulaje?

Vizuri kuliko sasa. Chakula laini kwa wiki mbili hivi, kisha wengi hurudia hata punje. Jino bovu halimsaidii kula, linamzuia.

Nimpe Panadol wakati nasubiri miadi?

Paka akipewa Panadol anaweza kufa, hata kwa kipande cha kidonge. Mbwa naye huumizwa tumbo na figo na dawa kama diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua bila kufikiri. Dawa za maumivu za wanyama zipo, na kipimo chake huenda kwa uzito. Wakati unasubiri, mpe chakula laini kisicho moto na umwondolee vya kutafuna.

Na sungura?

Sungura ni habari nyingine kabisa. Meno yake 28 hayaachi kukua maisha yote, yale ya mbele yakiongezeka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na hayapigwi mswaki. Yanasagwa na nyasi. Anayelishwa pumba, mkate na vipande vya karoti kwa wingi hana cha kusagia, basi magego yanaota ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Nyasi kavu au mbichi safi ziwepo mbele yake usiku na mchana. Vingine ni nyongeza.

Kidevu kilicholowa, jicho linalotoa machozi upande mmoja, kinyesi kilichopungua au kuwa kidogo kidogo: mpeleke. Sungura aliyepitisha nusu siku bila kula ni mgonjwa wa dharura, na ukimweleza hivyo mpokeaji wa simu kliniki atakupa nafasi mapema. Meno yaliyozidi asikatwe kwa mkasi wa kucha, kwani hupasuka kwa urefu hadi ndani ya ufizi. Daktari huyasaga kwa mashine.